Habari za Nusu, Usimwambie Baba

6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeiandika nikangoja kidogo, kama vile utaitikia.

Tumefika. Ndege haikuanguka, ile uliyokuwa ukiiombea huku ukijifanya unatafuta miwani. Chiriku alizungumza njia nzima mpaka abiria wa pembeni yetu akajiziba masikio kwa pamba. Baba yake alikuja kutupokea amevaa koti kubwa na kofia ya sufu, nikampita. Mume wangu mwenyewe nikampita, Baba! Mpaka aliponiita ndipo nikageuka. Amekonda, lakini kicheko ni kile kile.

Tunakaa ghorofa ya pili, juu ya dobi. Mashine za chini zinapasha kuta joto, kwa hiyo sakafu yetu ni kama mkate uliotoka sasa hivi. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, ila ukiinama upande wa kushoto unaona mti. Hauna hata jani moja. Baba Chiriku anasema haujafa, ndivyo ulivyo msimu huu.

Nusu yuko hapa miguuni pangu ninapokuandikia. Safari aliivumilia kama mtu mzima. Anakula, analala, anambwekea dobi. Pale uwanja wa ndege tukiagana ulinisihi jambo moja tu, asilale kwa watu asiowajua. Basi usiwe na wasiwasi. Analala na Chiriku, kichwa juu ya mto, utadhani yeye ndiye analipa kodi.

Na wewe je? Lindo linakwendaje bila yeye? Najua ulisema masikio yako yanatosha, lakini Baba, mimi ndiye niliyekuwa nakuita mara tatu ukiwa umenipa mgongo. Tajiri wako aliahidi kukupa mtu wa pili getini. Amempa?

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimwombe mtu akusomee.

Kitindamimba wako,
Mama Chiriku


6 Februari

Dada,

Nimemaliza kumwandikia Baba sasa hivi, wino haujakauka, na yote niliyomwambia kuhusu Nusu ni uongo. Hayuko miguuni pangu. Miguuni pangu kuna ndoo, maana dari linavuja.

Walimchukua uwanja wa ndege tulipotua. Mtu mmoja mwenye glavu alisoma cheti chake, akatikisa kichwa, akabeba kile kizimba kama anayebeba kreti ya soda. Baba Chiriku ndiye aliyenifafanulia. Sheria ya huku, mbwa anayetoka nje lazima akae karantini kwanza, watazame kama ana kichaa. Mwenzio nilidhani ni kupigwa muhuri tu na kupita. Baba Chiriku alikuwa anajua, hakuniambia, eti aliogopa nitaahirisha safari tena. Nimemnunia siku mbili, siku ya tatu nikachoka, chumba chenyewe ni kimoja, utanuna umetazama wapi?

Chiriku alilia kile kilio chake cha king'ora. Nikamwambia Nusu amepelekwa shule ya bweni, kujifunza kubweka kwa lugha ya huku. Akanyamaza. Akauliza, "Atavaa sare?" Nikasema atavaa. Akauliza, "Na mkia utatokea wapi?"

Tafadhali Dada, usimwambie Baba. Unajua yule mbwa kwake ni nini. Sisi tulikuwa tunasema mbwa wa Baba, kumbe yale ndiyo masikio yake. Mwizi akikohoa mtaa wa pili Nusu anajua, Baba anamtazama Nusu, ndipo naye anajua. Na bado alimtoa akampa mjukuu, eti mtoto hawezi kwenda ugenini bila mtu wa kuongea naye. Sasa nimwambie masikio yako yako kwenye sakafu ya sementi, yanaoshwa kwa mpira wa maji? Siwezi. Akitoka nitamwandikia Baba kila kitu, tutacheka.

Namba ya simu ya dobi nimekuandikia nyuma ya bahasha, ni ya dharura tu.

Mdogo wako


16 Februari

Kitinda,

Marahaba. Nimeitikia kwa sauti, muuza duka akaniuliza, "Mzee, unaongea na nani?" Nikamwambia na watu wa ng'ambo. Tangu hapo ananiuzia sukari kwa heshima.

Nimefurahi mmefika. Mumeo mwambie ale. Mwanamume akikonda ugenini watu wa nyumbani wanasema mke ndiye aliyemkondesha, hata kama mke alifika jana.

Lindo linakwenda. Tajiri hajaleta mtu, lakini nimejipangia mwenyewe. Usiku naegemeza mgongo kwenye geti la bati. Mtu akiligusa nalisikia kwenye mifupa kabla ya masikio. Kwa hiyo usihesabu mara unazoniita.

Umesema Nusu anakula. Hapo umenitua mzigo. Nilikuwa na hofu moja juu ya kula kwake, nikataka kukuambia pale uwanjani, lakini zile kelele, hata mwenyewe sikujisikia nikisema. Sasa kama anakula haina haja tena. Ina maana amekubali nyinyi ni watu wake.

Chiriku mwambie babu yake anauliza kama huko jua linatokea upande ule ule.

Baba yako


17 Februari

Dada,

Wamempigia simu Baba Chiriku kazini. Nusu hali.

Si kwamba anakula kidogo. Hali kabisa. Maji anakunywa. Wamembadilishia chakula, wamempa cha kopo, wamempa nyama ya kuku iliyochemshwa, anainusa anageuka. Sasa wanamnywesha maziwa kwa bomba la sindano, kwa nguvu. Daktari wa wanyama anasema hana ugonjwa, damu yake safi. Anasema ni huzuni, wengine huwa hivyo.

Nimeomba niende, wamesema bado, wageni wanaruhusiwa wiki za mbele. Nimeomba nipeleke chakula changu, wamesema chakula cha nje marufuku kuingia.

Chiriku kila asubuhi ananiamuru niandike barua ya Nusu. Anasema maneno, mimi naandika, anatia alama ya kidole. Leo alisema, "Mwambie mwalimu akimpiga amng'ate." Nimeandika. Zote ziko chini ya godoro.

Dada, wewe umewahi kuona mbwa akifa kwa huzuni? Nijibu haraka. Na Baba asijue.

Mdogo wako


27 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, nimeisoma nimesimama mlangoni na koti bado mwilini. Nimepata kibarua hapa hapa chini kwa dobi, kupiga pasi mashati. Mvuke unanikumbusha jiko la Dada. Lugha nimeshajua neno la "moto" na neno la "kola", yanatosha kwa sasa.

Jua linatokea upande wa mgongo wa kitanda. Chiriku anasema nikuulize na wewe upande wako.

Baba, ile hofu yako juu ya kula kwa Nusu ilikuwa ipi? Nauliza tu. Yeye hajambo. Lakini niandikie, hata kama ni jambo dogo, hata kama ni mzaha. Niandikie siku ile ile utakayopata barua hii.

Mama Chiriku


28 Februari

Binti yangu mkubwa,

Nakuandikia wewe kwa sababu una moyo mgumu, na huo nausifu.

Wamenitoa getini. Waliingia watu kwenye ghala la mbao, wakakata bati la nyuma, wakatoa mashine ya kuranda na misumeno yote. Mimi nilikuwa nimeegemea geti la mbele, nimekaa macho kabisa, sikulala, naapa. Sikusikia kitu. Asubuhi tajiri alizunguka ghala mara moja, akarudi akanitazama. Akasema, "Mzee, bila yule mbwa wewe ni kiti tu hapa getini." Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma bei.

Nimetoa vitu vyangu kibandani. Usihangaike, nimepata pa kulala kwa rafiki yangu fundi viatu.

Kitinda asijue. Akijua atasema ni kwa sababu ya mbwa, na ataona ubaya kila akimwona Nusu analala kwenye mto. Mwache afurahi. Usimwambie.

Baba yako


2 Machi

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwa machozi, karatasi imekunjamana kama uso wa mwalimu mkuu wetu akionja chai isiyo na sukari. Futa uso.

Mimi napikia bweni zima, na nakwambia kwa uzoefu wa sufuria: wageni wote hawali wiki za kwanza. Wanakaa na sahani, wanatazama ukuta, wanasema tumbo linauma. Matroni anakimbia huku na huku. Mimi nasema mwacheni. Baadaye ndio hao hao wanapigania ukoko kwa vijiko. Mbwa wako ni mwanafunzi mpya. Si ulimwambia mwanao yuko bweni? Basi hukusema uongo sana.

Baba hajambo. Nilimwona juzi. Ana mafua kidogo. Nusu sijamtajia, kama ulivyotaka.

Na wewe kula. Usije ukawa wa pili.

Dada yako


3 Machi

Dada,

Leo wamenikubalia kumwona. Nilikwenda na Baba Chiriku, mtoto tukamwacha kwa mke wa dobi.

Ni jengo refu lenye korido, vizimba huku na huku, taa nyeupe mchana. Mbwa wote walibweka tulipopita. Nusu hakubweka. Kwanza sikumwona, nikadhani wametuonyesha kizimba kitupu chenye blanketi. Kumbe blanketi ndilo yeye. Amebaki masikio na macho, Dada. Ukimshika mgongo unahesabu mifupa.

Alinijua. Mkia ulipiga sakafu mara moja, tena taratibu, kama mtu mzee anapojaribu kuinuka kitini. Kuna mama anayefagia pale, mwenye ndoo na mabuti ya mpira, akaniletea sahani ya chakula chao niijaribu mwenyewe. Nikaisukuma mbele yake, nikambembeleza, nikamwimbia hata ule wimbo wa kuogeshea watoto. Hakuitazama sahani. Alinitazama mimi, na si machoni. Alinitazama mdomo. Nikisogeza uso, macho yanaufuata mdomo. Kama anangoja niseme kitu, na mimi nimesema kila kitu ninachokijua.

Muda wetu ukaisha. Yule mama wa ndoo alinishika bega. Hatuelewani hata neno.

Chiriku ameuliza shule inafungwa lini. Baba nimemwandikia hivi juzi, nimemuuliza jambo. Mwulize kama amepata barua yangu, lakini usimwambie kitu kingine.

Mdogo wako


13 Machi

Mdogo wangu,

Soma mstari huu halafu kimbia, mengine utayasoma ukirudi: kula wewe kwanza. Kula kile chakula chake, mbele yake, umeze, ufungue mdomo auone.

Nimemwambia Baba. Nisamehe au usinisamehe, barua yako ya mdomo niliisoma nikiwa nakoroga uji, nikaacha mwiko ndani. Barua uliyomwandikia niliikuta pale dukani anapopokelea barua, haijafunguliwa, siku hizi hapiti pale, kwa ajili ya mafua. Nilimtafuta mpaka nikampata, nikamfunulia yote masikioni, watu wakasimama kutusikiliza. Nilipofika hapo pa Nusu kukutazama mdomo, alikaa chini barabarani.

Anasema hivi. Wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Kabla ya Nusu alipoteza mbwa wawili kwa njia hiyo, mmoja alimfia mapajani. Basi Baba akamfunza Nusu tangu macho yalipofunguka: hagusi chakula mpaka amwone anayempa amekitia mdomoni mwake na kukimeza. Akinyimwa hilo anangoja. Na wiki za mwisho alimkazia zaidi, kwa sababu alijua anakwenda kwa watu asiowajua. Alisema, "Nilitaka huko aende salama."

Unakumbuka tulivyokuwa tunamcheka? Jumapili kibandani, tonge lake, tonge la mbwa. Tukasema Baba upweke umemzidi, sasa anakula sahani moja na mbwa.

Nimepiga simu kwa dobi mara mbili. Mara ya kwanza mtu alisema maneno, akakata. Mara ya pili nikaita jina lako kwa kelele, akadhani nadai nguo, nikamsikia anasogeza mashati kwenye vyuma akinitafutia. Nikalia na simu mkononi, msimamizi wa kibanda cha simu akanipa maji.

Basi barua hii ndiyo inakimbia.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Barua ilifika mchana, nikiwa na pasi mkononi. Nilimwachia dobi shati lake juu ya meza nikatoka na aproni. Siku ile haikuwa ya wageni. Mlinzi wa mlangoni alinizuia, nikamwambia yale maneno yangu mawili, "moto" na "kola", maana ndiyo niliyokuwa nayo. Yule mama wa ndoo alinisikia, akaja akanishika mkono, akaniingiza kama mtu anayemwingiza ndugu yake.

Nusu alikuwa na sindano ya maji mguuni. Nikakaa sakafuni. Nikachukua punje za sahani yake, nikazitia mdomoni. Ladha yake ni kama kadibodi iliyofungiwa samaki. Daktari akaja akisema hapana, hapana, hilo nalo nilielewa. Nikatafuna mbele yake na mbele ya Nusu, nikameza, nikaufungua mdomo wote mpaka magego.

Dada, aliinuka. Miguu inacheza kama ya ndama, lakini aliinuka. Akaleta pua mdomoni mwangu, akanusa, akashusha kichwa kwenye kiganja changu akala. Nilimsikia akitafuna. Yule mama wa ndoo akachota punje, akazitia mdomoni mwake, akakunja uso hivi, akameza, akafungua mdomo. Na kwake akala. Tukacheka sote watatu, daktari pia, machozi yanatiririka, hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Walinionyesha kwa vidole kwamba apewe kidogo kidogo. Nilimpa kidogo kidogo. Nadhani nilimpa kidogo kidogo.

Kesho yake asubuhi walimpigia Baba Chiriku. Alinieleza taratibu, neno moja moja, kama mtu anayeshusha vyombo vya udongo. Nusu amekufa alfajiri. Daktari anasema moyo ulikuwa umeshachoka, si chakula. Sijui kama ni kweli au amenionea huruma.

Chiriku hajui. Kila nikitaka kumwambia ananipa barua nyingine niandike.

Na Baba usimwambie. Mwambie barua iliwahi, mwambie amekula. Hilo si uongo, Dada. Alikula.

Mdogo wako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana, mama. Nimelia jikoni, nikasema ni kitunguu, na siku hiyo tulikuwa tunapika maharage matupu.

Lakini sitamwambia Baba kwamba amekula nikaishia hapo. Sibebi tena. Nimekuwa kama kapu, kila mmoja wenu anakuja kutia lake na kusema funika.

Baba alifukuzwa kazi mwezi wa pili. Waliingia wezi upande wa nyuma, hakuwasikia. Aliniambia usimwambie Kitinda, kwa herufi kama zako na sauti kama yako. Mafua yalikuwa ni hayo. Ndiyo maana barua yako ilikaa dukani.

Aliniambia analala kwa fundi viatu. Nimekwenda kwa fundi viatu. Ameshangaa, anasema Baba alipita kumsalimia mara moja, akakaa kidogo, akaaga. Kwangu nilimwomba aje, nyumba za wafanyakazi haziruhusu ndugu lakini ningemficha stoo. Akasema, "Mimi kazi yangu ni kuwatoa watu wanaojificha." Akacheka peke yake.

Mwandikie wewe. Anwani ni ya duka, nimemwomba muuza duka amtafute.

Dada yako


15 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo.

Nusu amekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nyingi nitajificha ndani yake.

Hakuwahi kufika kwenye hiki chumba. Hakuwahi kulalia mto. Walimchukua uwanjani siku ile ile, na mimi nikakuandikia kwamba anakula. Ungejua kwamba hali chakula, ungeniambia. Nimeligeuza jambo hili kila upande, halina upande mwingine.

Mwisho nilikula chakula chake mbele yake kama ulivyosema, naye akala mkononi mwangu, na mkononi mwa mama mmoja mgeni. Alikufa alfajiri yake. Nakuambia yote mawili, sijui lipi litakuuma zaidi.

Chiriku nimemwambia. Hakulia. Aliuliza kama shule ilikuwa mbaya. Nikasema hapakuwa na shule, mama alikudanganya. Akanitazama sana. Tangu siku ile kila ninachomwambia anakwenda kumuuliza baba yake. Nikisema mvua inanyesha, anakwenda dirishani. Mtoto wa miaka mitano, Baba, ananipekua kama polisi. Juzi nilimwambia kiazi kina moto, akakipuliza bila kuuliza mtu. Nimeona huo ni mwanzo. Nimeuficha moyoni nautunza.

Sasa habari za chumba chetu, za kweli. Ni kimoja. Dari linavuja karibu na kitanda. Baba Chiriku anakohoa asubuhi, hajakwenda hospitali, nitampeleka kwa lazima. Dobi ananikata mshahara kwa shati nililoliacha likaungua. Lakini mwenyewe ndiye aliyemsindikiza Chiriku na boksi la viatu tulilotia kitambaa cha Nusu, maana mwili hawakutukabidhi. Tulilizika chini ya ule mti. Umetoa vijani, vidogo kama kucha za mtoto, bado siamini kama ni majani.

Dada ameniambia kuhusu getini. Usimkasirikie.

Baba, sikuombi unisamehe kwenye barua, utanisamehe siku tukionana. Nakuomba jambo jingine, nijibu kwa ukweli, hata kama ni mbaya, kwa sababu nikiwa huku sina njia ya kwenda dirishani kuhakikisha. Unalala wapi?

Kitindamimba wako,
Mama Chiriku


27 Aprili

Kitinda,

Marahaba.

Muuza duka alinikimbilia na barua yako mpaka sokoni, mtu mnene vile, nikadhani nimesahau kumlipa. Nimeisoma nimekaa juu ya gunia. Nimeisoma tena leo.

Nusu nilimfunza mimi. Nilimfunza kungoja, akangoja. Sitaki uliandike tena jambo hilo kama lako peke yako. Huyo mama wa ndoo mpe salamu zangu, mwambie kwa vidole.

Mumeo mpeleke hospitali kesho, si keshokutwa.

Umeuliza ninapolala. Nyuma ya kinyozi kuna kibanda cha mabanzi walichokuwa wanawekea mapipa. Kinyozi ananiachia, nami namfagilia nywele asubuhi. Kina paa. Upande wa mlango hakuna komeo, na mimi usiku sisikii kitu tena, hata mvua naijua kwa kuishika. Kwa hiyo nimefunga kamba mlangoni, ncha ya pili naifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Mtu akisukuma mlango, kamba inanivuta, naamka.

Dada yako anazungumza na mwalimu mkuu kuhusu ile stoo. Akikubali nitakwenda. Nimemwambia nitakwenda, nawe nakuambia, kwa hiyo sasa mashahidi ni wawili.

Kamba inavutwa karibu kila usiku. Naketi, nashika tochi, namulika mlango. Mara nyingi ni upepo.

Baba yako